Kiti cha Kushoto

Saa nne usiku, na jua bado liko juu ya misonobari;
mwezi wa Juni huku kwetu Ufini halina haraka ya kulala.
Nimefungua mlango wa gereji, mbu wakaingia kama waalikwa,
na mimi, Tuire, mwalimu wa udereva wa mji huu mdogo,
niliyesema "punguza mwendo" miaka ishirini na sita
mpaka neno lenyewe likaota kutu mdomoni,
ninaliandaa gari langu likakimbie.

Kwanza, toa kila kinachocheza.
Ndivyo karatasi yao inavyoagiza: kisibaki kitu
kinachoweza kuruka kwenye kona.
Nikainama chini ya viti, tochi nimeiuma kwa meno,
nikatoa sarafu tatu, kibanio cha nywele,
pipi ya chumvi iliyoshikana na zulia,
glavu moja ya mjukuu, ambayo leo haimtoshi hata kidole gumba,
na risiti ya mbao za sauna
ambazo Reijo aliapa kwamba kapewa bure.
Haya. Nikaitia mfukoni. Hiyo ina siku yake.

Breki zilituchukua muda.
Mafuta ya zamani yalitoka na rangi ya chai iliyolala.
Reijo juu, mguu kwenye pedali; mimi chini,
na mpira mwembamba na chupa ya jemu.
"Kanyaga. Shikilia. Achia."
"Kanyaga. Shikilia. Achia."
Mpaka yakaja maangavu, hayana povu hata chembe.
Nusu saa nzima hatukusema neno jingine,
na nakiri, mwaka huu hatujapata kuelewana vile.

Nati nikazikaza kwa spana ile inayolia tak
nguvu ikifikia kipimo. Tano kila gurudumu: tak ishirini.
Kisha nikazirudia zote,
maana mimi ndiye ninayewaambia watoto wa watu
tazama kioo, halafu tazama tena.
Upepo nitaupima asubuhi, matairi yakiwa baridi.
Mstari wa chaki nimeshauchora ubavuni mwa kila tairi:
utakapofutikia, hapo ndipo nilipothubutu.

"Unaogopa?" Reijo ananiuliza.
"Naogopa mvua."

Uongo. Mbingu ni safi kama sahani.
Miaka yote hiyo nimekaa kiti cha kulia,
na pedali yangu ya breki, ya pili, chini ya mguu wangu.
Kesho nitakaa kushoto,
na kulia atakaa Eelis.
Eelis yuleyule aliyeanguka mtihani mara tatu,
aliyegonga koni ya mpira akirudi nyuma,
akashuka kuiomba radhi.
Sasa ni mkufunzi pale uwanjani, ana fulana yenye jina lake.
Nilimpigia simu: "Gari langu halina pedali ya pili.
Utakanyaga nini?"
Akacheka. "Nitafanya kama ulivyonifanyia wewe.
Nitakwambia utazame mbali, mikono itafuata."

Lakini mimi nilikuwa nayo.
Vuli ile, barabara imejaa majani maji,
ni mara ngapi niliigusa taratibu, kwa ncha ya kiatu,
naye akashusha pumzi akidhani amesimama mwenyewe?
Sikumwambia. Sijui kama kesho ni siku ya kumwambia.

Saa sita. Taa za mbele nimezibandika tepu ya samawati,
namba arobaini na moja iko mlangoni, imepinda kidogo.
Nikavaa helmeti, nikakaa kushoto, injini imezimwa.
Reijo akaja na kikombe chake, akakaa kulia.
Nikafumba macho, nikaanza kuuzunguka uwanja kwa mdomo:
mnyooko mrefu, gia ya nne, bango la mita mia,
bado, bado, bado,
nikasikia mguu wake ukigandamiza zulia.

"Hapo hapana kitu," nikamwambia.
"Najua," akasema,
na mguu hakuutoa.